Maji yameingia ndani na nyumba iko chini ya barabara: uanzie wapi

Dar bezimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, hujengi, unajengewa. Unajenga kiwanja kikiwa sawa na barabara, miaka inapita, wanakuja wanamwaga kifusi wanashindilia wanapiga lami, jirani wa kulia anainua kiwanja chake, wa kushoto naye anapiga ukuta, sasa ukitaka kutoka getini unapanda ngazi, na masika ikikaza maji ya mtaa mzima yanajua pa kwenda. Haya ni maelezo ya mtu ambaye maji yameshaingia au yataingia usiku huu. Na hata wenye vyumba vya chini vya kweli, zile nyumba za kwenye miteremko ya Goba na Kimara au vilima vya Mwanza ambazo ghorofa ya chini imechimbiwa ubavuni mwa kilima, mengi yanawahusu, na kuna sehemu yao peke yao huko mbele.

Hasara nyingi ninazoziona kwa watu zinatokana na mpangilio. Mtu anaingiza pampu kabla hajazima umeme, ananyonya karo la choo wakati ardhi bado imeshiba maji, anapiga rangi ukuta ukiwa mbichi. Kila kimoja hapo ni kazi halali, ila imefanywa siku isiyo yake.

Umeme kwanza. Yaani kabla hujaokoa TV, kabla hujabeba godoro. Kama meni swichi unaifikia ukiwa umesimama pakavu, mikono mikavu na viatu miguuni, shusha. Kama iko chumba chenye maji au inabidi ukanyage maji kuifikia, achana nayo, toa watu nje uwapigie TANESCO wakate kwenye nguzo. Kuna watu wananiambia "mimi yuniti za LUKU zimeisha kwa hiyo niko salama", hapana jamani, waya unaoingia kwenye mita bado una moto hata kama una sifuri ya yuniti. Na wenye sola na inveta wanasahau kabisa, TANESCO wanaweza kuwa wamekata mtaa mzima na wewe ndani unao umeme wako wa betri umelala kwenye maji, kwa hiyo zima inveta na chomoa betri kama panafikika pakavu.

Baada ya hapo gesi. Mtungi unaelea, hata ule wa kilo 15 ukiwa umekaribia kuisha, na ukielea unavuta mpira na regeleta inalegea. Funga koki, chomoa, upeleke juu. Regeleta iliyozama usiirudishe kazini, nunua nyingine, haina gharama ya kubishania.

Halafu watoto na wazee wahamie kwa jirani aliye juu. Kama uko karibu na mto, iwe Msimbazi au Mto Mbezi au Kizinga, na maji bado yanapanda, usikae ndani kuokoa vitu. Desemba 2011 watu wa mabondeni waliokolewa wakiwa juu ya mabati, na waliohamishiwa Mabwepande baada ya pale wanajua maji yanavyopanda haraka kuliko unavyopiga hesabu. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukilazimika kutembea kwenye maji ya uani shika fimbo upapase mbele yako kila hatua, kwa sababu mfuniko wa chemba ya majitaka huwa unanyanyuliwa na maji na huwezi kuona shimo. Namba ya Zimamoto ni 114, ya dharura kwa ujumla 112, ziandike ukutani, kwenye simu hazisaidii ikiwa simu ndiyo imezama.

Sasa kama maji ndiyo yanaanza kuja na una saa moja au mbili. Viroba vya mchanga watu wengi wanavijaza hadi pomoni wakafunga kwa kamba, vinakuwa mviringo, vikipangwa vinaacha matundu na maji yanapita katikati yake. Jaza nusu au zaidi ya nusu kidogo, kunja mdomo uulaze chini ya kiroba chenyewe, panga kama tofali, cha juu kikae kwenye maungio ya viwili vya chini, kila mstari ukanyagekanyage ulale. Turubai au nailoni nene inaanzia upande wa maji, inapita chini ya viroba. Ukifanya hivyo mlangoni umefanya nusu ya kazi, kwa sababu nusu nyingine maji yanapita chooni. Choo cha ndani kilichoungwa kwenye karo la uani, yaani shimo la majitaka, karo likishajaa, maji yanarudi na bomba yanatokea kwenye bakuli la choo na kwenye kile kitundu cha sakafuni bafuni. Chukua mfuko wa plastiki mgumu, tia mchanga, funga, ukandamize ndani ya bakuli la choo, na tundu la bafu ziba kwa tambara lililoviringishwa ndani ya nailoni kisha weka ndoo iliyojaa maji juu yake. Inaonekana ujinga lakini ndiyo tofauti kati ya kuingiliwa na maji ya mvua na kuingiliwa na kinyesi.

Mvua imekatika. Hapa kila mtu anakimbilia ndoo, na hapa ndipo nakuomba utulie. Angalia nje. Kama maji ya uani bado yako juu kuliko sakafu yako, ukichota unachota mtaa mzima, yatarudi usiku huohuo. Subiri ya nje yashuke chini ya kizingiti. Tumia muda huo kupiga picha na video, kila chumba, alama ya maji ukutani ionekane, kila kitu kilichoharibika kabla hakijasogezwa. Mwenye bima anajua kwa nini, lakini hata mpangaji picha zitamsaidia akianza kubishana na mwenye nyumba, na serikali ya mtaa wakija kuandikisha walioathirika utakuwa na cha kuonyesha.

Piga na hesabu ujue unapambana na nini. Chumba cha mita 3 kwa 4, maji yamefika sentimita 30, hiyo ni lita 3,600, sawa na ndoo 180 za lita 20. Chumba kimoja tu hicho. Vyumba vitatu na sebule kwa ndoo na beseni utaua mgongo, kwa hiyo changeni mtaani mkodi pampu ya petroli, ile ya bomba la inchi mbili, mzunguke nyumba kwa nyumba. Pampu ndogo za kisima hazipendi tope, zinaziba, ukiwa nayo hiyo tu toboa ndoo matundu mengi pembeni, ivishe kipande cha chandarua, tumbukiza pampu ndani ya hiyo ndoo. Injini yenyewe ikae nje, mbali na mlango na dirisha. Jenereta pia. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu usingizini, hata kuiweka barazani na mlango wazi siyo sawa. Na mdomo wa mpira uelekeze mtaroni, siyo kwa jirani wa chini yako, mtakuja kuulizana kwa mjumbe.

Wenye chumba halisi cha chini ya ardhi, hapa ndipo penu. Msitoe maji yote siku moja. Udongo wa nje ya ukuta umeshiba maji na unasukuma kuja ndani, maji yaliyomo chumbani yanasukuma kwenda nje, vinalingana. Ukiondoa ya ndani haraka ukuta unabaki peke yake, na kwa kila mita moja ya kimo cha maji yaliyosimama nje msukumo pale chini unakaribia tani moja kwa kila mita ya mraba. Kuta za tofali za inchi tano hazikujengwa kwa ajili hiyo, zinapasuka au zinalala ndani, na sakafu nayo inaweza kunyanyuka. Toa kama theluthi moja, weka alama ukutani, lala, kesho angalia. Kama maji yamepanda juu ya alama ardhi bado haiko tayari, subiri. Kama yamebaki palepale toa theluthi nyingine.

Kwa hizi nyumba za kawaida za juu ya ardhi hilo siyo tatizo, tatizo lako wewe ni kizingiti. Kile kizingiti cha zege ulichojenga mlangoni kuzuia maji kuingia sasa kinazuia yasitoke, utaona sentimita kumi za mwisho zimegoma. Wengine wanatoboa tundu chini ya ukuta wa upande ulioteremka, siyo wazo baya, weka kipande cha bomba na kofia ya kufunga na kufungua, mvua ikija unafunga.

Maji yakitoka linabaki tope, na tope lina saa zake. Likiwa bichi linatoka kwa chepe na kile kifagio cha mpira cha kusukumia maji, likikauka limekuwa saruji. Kwa hiyo siku hiyohiyo, hata usiku kwa tochi, komba tope lote utoe nje. Vaa gambuti na glovu. Kabla ya kuingiza mkono chini ya kabati au kitanda piga kwanza na fagio, maana nyoka na tandu nao walikuwa wanatafuta pakavu. Ukijikata, osha na sabuni na uende zahanati wakuangalizie na chanjo ya pepopunda. Mkojo wa panya kwenye maji hayo ndio unaoleta homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Ruangwa kule Lindi mwaka 2022, na inaingia kwenye vidonda vya miguuni. Ukipata homa kali na misuli kuuma ndani ya wiki mbili tatu mwambie daktari kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko, usiishie kupima malaria tu.

Kusafisha sasa. Sabuni na maji kwanza, brashi ngumu, hadi uone sakafu yako. Klorini ukiimwaga juu ya tope inapotea bure, inamalizwa na uchafu kabla haijagusa vijidudu. Pakishakuwa safi ndiyo unachanganya Jik ya kawaida ya dukani, hii ya asilimia 3.5 hivi, nusu lita kwenye ndoo ya lita 20, unapaka sakafu na ukuta hadi juu kidogo ya alama ya maji, unaacha dakika kumi au zaidi unasuuza. Madirisha wazi. Usichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo, ukichanganya na zile zenye asidi inatoka gesi inayochoma mapafu.

Vitu vya kutupa. Najua bei ya godoro, na najua utalianika juani siku tatu ukasema limepona. Kama maji yaliyoingia yalipitia chooni au karo lilifurika, godoro la sponji halisafishiki, jua linakausha juu tu, katikati uchafu umo. Litupe. Unga, mchele, sukari, maharage yaliyoguswa na maji hayo tupa yote, hata kama ni kona tu ya gunia. Dawa za hospitali tupa. Vyakula vya kopo visivyobonyea wala kutoboka vinaoshwa kwa sabuni, vinaloweshwa kwenye ile Jik, kisha vinaliwa mapema. Samani za mbao ngumu, mninga na mkongo, zinapona ukizikausha kivulini na droo umezitoa zote, ukizianika jua kali zinapinda na kupasuka. Yale makabati ya unga wa mbao yaliyobandikwa karatasi ya mbao, yakishavimba yamekwenda, usiongeze misumari.

Nyaraka ndizo zinanifanya niandike kwa kirefu hapa kwa sababu watu wanaziharibu kwa kuzisaidia. Hati ya kiwanja, vyeti vya shule, vya kuzaliwa, mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, vikilowana vimeshikana usivibandue. Karatasi mbichi inachanika kirahisi sana na wino unahamia ukurasa wa pili. Suuza tope kwa maji safi taratibu bila kusugua, ziweke kwenye mfuko wa plastiki zikiwa hivyohivyo zimeshikana, tia kwenye friza la mtu mwenye umeme. Ndiyo, pamoja na samaki wake, mradi mfuko umefungwa. Baridi inasimamisha kuvu na inakupa siku za kupumua. Nyumba ikitulia unatoa chache chache, zikilainika unatenganisha karatasi moja moja, kila moja katikati ya karatasi nyeupe zisizoandikwa au kitambaa kikavu, unabadilisha zikilowa, kivulini, feni isizielekee moja kwa moja. Zile zilizofunikwa plastiki pande zote kata ukingo mmoja maji yatoke, vinginevyo zitaota kuvu humohumo.

Friji, mashine ya kufulia, redio, usijaribu "kuona kama inawaka". Zikauke, fundi azifungue, ndiyo umeme. Na meni swichi hairudishwi juu mpaka fundi umeme apime waya na afungue soketi zote zilizoguswa na maji, maana tope linakaa ndani ya boksi la soketi ambapo wewe huoni. Akiwa anazifungua mwambie azihamishie juu, mita moja na nusu kutoka sakafuni, kazi inakuwa moja.

Ukuta sasa, na hapa ndipo uvumilivu unakwisha. Kuvu wanaanza ndani ya saa 24 mpaka 48 kwa hiyo hewa ipite tangu siku ya kwanza, madirisha na milango wazi mchana jua likitoka, umeme ukishakaguliwa weka feni dirishani ikitazama nje, itoe unyevu badala ya kuuzungusha. Kapeti za plastiki toa zote, zinaficha maji. Tailizi gonga kwa sarafu, zinazolia tupu zina maji chini yake. Jipsamu iliyolainika kata mpaka nusu mita juu ya alama, haiponi. Skimingi, ule unga mweupe wa kulainisha ukuta, nayo itavimba na kubanduka, ikwangue yote pale ilipolowa ili tofali lipumue. Kisha subiri. Tofali la saruji linanyonya maji kwenda juu kuliko alama uliyoiona na linakauka kwa wiki nyingi, Dar hii na joto lake la unyevunyevu usishangae miezi. Kujua kama tayari, kata nailoni angavu kipande cha nusu mita kwa nusu mita, bandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kesho yake angalia. Ukiona vijitone kwa ndani au ukuta umeweka weusi pale, bado. Fundi rangi atakwambia "bosi kuna rangi ya kuzuia maji, tunapiga hii inaisha", akipiga unafungia maji ndani, baada ya muda rangi inatoka vipande vipande na chumvi nyeupe inachanua, na fundi hapokei simu.

Maji ya kunywa: ya bomba yakirudi yachemshe mpaka yatokote vizuri, au weka Waterguard kwa kipimo cha kwenye paketi usubiri dakika 30. Mabomba yaliyopasuka yanavuta maji machafu na kipindupindu hakichagui nyumba. Tanki la chini ya ardhi lililoingiwa na mafuriko utaliosha kwa klorini kabla ya kujaza, lakini lisikae tupu wakati udongo umeshiba, maana linaweza kunyanyuliwa au kupasuka. Choo ni vilevile. Gari la majitaka litapita mtaani na bei ya mafuriko, karo lako limejaa na unatamani, ila ukilinyonya likawa tupu huku ardhi imejaa maji, kuta zake zinaweza kuanguka ndani, na hata likibaki zima linajaa tena kwa maji ya ardhini umelipa bure. Pumzisha choo, tumieni cha jirani, nyonya ardhi ikishuka. Ndoo, matairi na vifuu vilivyobaki na maji uani mwaga wiki hiyohiyo, mbu wa dengue anatoka yai mpaka kuruka kwa wiki moja au siku kumi hivi.

Ya kudumu, maana Oktoba vuli inaanza tena. Kama nyumba yako iko ndani ya mita 60 kutoka mtoni, Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu za kibinadamu pale na sitakushauri umwage hela ya zege, tafuta kuhama. Kama shida ni barabara kuwa juu, kitu cha kwanza ni valvu ya kuzuia maji kurudi, inakaa kwenye bomba la majitaka, kati ya nyumba na chemba ya kwanza, iwekwe mahali unapofungua na kuisafisha maana ikinasa tambara haifungi. Cha pili chimba shimo kwenye kona ya chini kabisa ya uwanja, zamisha pipa la plastiki lililotobolewa, zungushia kokoto, pampu yenye boya la kujiwasha ndani, na betri au jenereta ya kuiendesha kwa sababu mvua kubwa na umeme wetu haviendi pamoja. Kuinua sakafu kwa kifusi ndiyo watu wanapenda zaidi, na inafanya kazi, ila pima kwanza kutoka sakafuni mpaka chini ya linta ya mlango, ile boriti ya juu yake. Ukiinua inchi kumi na mbili kwenye mlango wa futi saba umebaki na futi sita, itabidi linta zivunjwe zipande nazo, madirisha yanabaki magotini, na choo na bafu lazima viinuliwe pamoja, kwa sababu vikibaki chini maji yatakuwa yanaanzia huko. Mwambie fundi akupigie hesabu ya hivyo vyote kabla lori la kwanza la kifusi halijamwaga getini.